Kisa cha senti moja: siku tatu za hosteli Amsterdam, wikiendi ya Siku ya Mfalme

Kabla sijaanza

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wanaopanga safari za watu kwenye ofisi ndogo, zile ambazo mtu mmoja ndo utawala, ndo uhasibu, ndo mkata tiketi, na pia kwa yeyote anayekwenda Ulaya mara ya kwanza na mfuko wake siyo mnene. Mhusika nimemwita Zuhura, siyo jina lake. Ofisi, benki na hosteli sizitaji na vitu vinavyoweza kumtambulisha nimevitoa. Amesoma kabla sijaweka hapa, amecheka sehemu mbili, sehemu moja akanikatalia nikaifuta.

Halafu tuelewane kwenye hili neno. Ukisema hosteli Bongo mtu anawaza wanafunzi wa chuo. Hosteli ninayoizungumzia hapa ni kama gesti, ila badala ya kununua chumba unanunua kitanda, mara nyingi dabo deka, kwenye chumba cha watu 4, 6, 10, hadi 14 na zaidi, choo na bafu mnashea, jiko mnashea. Kuna vyumba vya wanawake tupu na kuna vya mchanganyiko. Hiyo ya mchanganyiko ikumbuke.

Usuli

Zuhura ana umri wa miaka thelathini kasoro, anavaa hijabu, alikuwa hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Aprili 2024 alialikwa kwenye warsha Amsterdam, Uholanzi, Jumatatu tarehe 22 mpaka Alhamisi tarehe 25. Waandaaji walilipa hoteli mpaka asubuhi ya Ijumaa tarehe 26. Tatizo lilikuwa tiketi: kurudi Ijumaa au Jumamosi bei ilikuwa ya kutisha, kurudi Jumatatu tarehe 29 ilishuka sana, hata ukijumlisha malazi ya siku tatu bado ofisi inaokoa. Tukakubaliana abaki, ofisi impe kiasi kidogo cha malazi, kikizidi anajazia mwenyewe. Akafurahi, nani asiyetaka wikiendi moja ya kuzurura Amsterdam.

Buking ya kwanza niliifanya mimi mwezi Februari, kwa sababu faili la viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, linataka uonyeshe utalala wapi kila usiku, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na ada ambayo wakati huo ilikuwa euro 80, ikapanda kuwa 90 Juni ya mwaka huohuo. Nikapata hosteli upande wa Noord, ng'ambo ya maji nyuma ya stesheni kuu ya Centraal, chumba cha wanawake sita, euro 68 kwa usiku kila kitu ndani, loka kubwa ndani, na unaweza kufuta bure hadi wiki moja kabla. Jumla euro 204. Nikaona nimemaliza kazi.

Ambacho sikufanya ni kuangalia kalenda. Tarehe 27 Aprili ni sikukuu ya kuzaliwa ya Mfalme Willem-Alexander, Waholanzi wanaiita Koningsdag, na Amsterdam siku hiyo siyo mji, ni mnada na harusi na mechi ya watani wa jadi vimechanganywa. Watu wanavaa rangi ya chungwa kwa heshima ya ukoo wa Oranje, wanauza mitumba yao barabarani bila leseni, mifereji inajaa maboti yenye spika, na sherehe zinaanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mwaka 2024 iliangukia Jumamosi, yani Zuhura anahamia hosteli Ijumaa saa tisa alasiri na mziki unaanza jioni.

Na hiyo Ijumaa kwetu ilikuwa tarehe 26 Aprili, Muungano, tena miaka 60 kamili. Benki zimefungwa. Hili nalo shikilia.

Ilivyokuwa, hatua kwa hatua

Mwanzoni mwa Aprili viza ikatoka. Zuhura akaongea na rafiki yake mmoja, kijana wa kiume aliyewahi kusoma kule, akamwambia Noord ni nje ya mji, utamaliza hela kwa nauli, kaa katikati kwenye hosteli fulani, mimi nililala pale, pazuri, watu wachangamfu. Akaingia mtandaoni akaikuta: euro 61 kwa usiku, chumba cha watu 14 mchanganyiko, ukishalipa hurudishiwi. Siku tatu euro 183. Akapiga hesabu, anaokoa euro 21, akafuta ile ya Noord, akalipa asilimia 15 ya utangulizi, euro 27.45, akanitumia meseji ya kujisifu, na mimi nikajibu kwa dole gumba. Lile dole gumba nalijutia mpaka leo.

Kabla ya safari akaenda benki kufungua kadi yake itumike nje. Wakampa fomu, safari kuanzia lini mpaka lini. Mkononi alikuwa na barua ya mwaliko wa warsha, akajaza tarehe za kwenye barua.

Warsha ikapita salama. Chakula alipewa, usafiri alipewa, kadi aliigusa siku ya kufika tu pale uwanja wa ndege akinunua tiketi ya treni, ikakubali, akatulia. Hela ya matumizi alikuwa nayo keshi, euro 320, noti ndogo ndogo za tano na kumi alizokusanya Dar bureau hii na ile.

Ijumaa saa tano asubuhi akatoka hotelini na begi la kilo 23. Hosteli inapokea wageni kuanzia saa tisa. Akakaa maktaba kuu ya mji, OBA, hatua chache kutoka Centraal, unaingia bure, kuna viti, vyoo, intaneti, hakuna anayekuuliza unafanya nini. Mpaka hapo anaenda vizuri kuliko wasafiri wengi ninaowajua.

Saa tisa na robo yuko mapokezi. Dada wa mapokezi anamwambia anadaiwa euro 176.54. Zuhura akashtuka maana alitegemea 155 na kitu. Akaelezwa, ile bei haikuwa na kodi ya utalii ya jiji, na mwaka 2024 Amsterdam walikuwa wameipandisha kufika asilimia 12.5 ya bei ya malazi kabla ya VAT. Kwenye buking yake iliandikwa, kwa herufi za mchwa, chini kabisa. Piga hesabu uone: 183 ukitoa VAT ya wakati huo ya asilimia 9 inabaki 167.89, asilimia 12.5 yake ni 20.99. Jumla ya malazi inakuwa euro 203.99. Ile ya Noord ilikuwa 204. Dada yetu alihama chumba cha wanawake sita akaenda cha watu 14 mchanganyiko ili aokoe senti moja.

Akatoa keshi. "Hatupokei keshi." Hili Uholanzi ni la kawaida, kuna maduka na migahawa kibao yenye kibandiko cha kadi tu mlangoni, hata kwenye tramu za Amsterdam keshi haipokelewi tangu 2018. Akatoa kadi. Imekataa. Tena, imekataa. Mara ya tatu ikakataa na benki ikaifunga kabisa. Kumbe ruhusa ya kutumia nje ilikwisha jana yake, tarehe 25, siku ileile aliyoiandika kwenye fomu. Akajaribu kupiga benki, namba ya bure ya huduma kwa wateja haipigiki kutoka nje. Meneja wa tawi anayemfahamu hapokei, yuko kwenye Muungano na familia yake, na ana haki.

Akakaa pembeni ya mlango juu ya begi lake karibu saa nzima bila kumwambia mtu. Nyuma yake foleni ya vijana wenye mashada ya chungwa shingoni inaingia, na kila anayeingia anachukua kitanda cha chini, maana pale anayewahi ndo anachagua.

Kuna jamaa kwenye foleni akamwona, akajitolea kumlipia kwa kadi yake halafu ampe keshi. Zuhura akakataa kwa upole. Saa kumi na nusu akanitumia voisi noti. Mimi niko nyumbani naangalia shamrashamra kwenye tivii, muda wetu uko mbele kwa saa moja tu. Nikamwambia muulize kama wanaweza kutuma linki ya malipo kwenye email. Wanaweza! Wanaifanya kila siku. Ila linki ilichukua muda kufika, kadi pepe ya kwenye simu nikaanza kuijaza hela, mtandao nao ukajivuta, nikalipa karibu laki tano ya Kitanzania, na saa kumi na moja na dakika arobaini ndo akapewa ufunguo. Saa mbili na dakika ishirini na tano kutoka alipofika.

Chumba kiko ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nyumba za zamani za Amsterdam ni nyembamba na ngazi zake zimesimama kama ngazi ya mnazi, ndo maana ukitazama juu kwenye paa zao unaona ndoano, fanicha wanazivuta kwa kamba nje wazipitishe dirishani. Kilo 23 za Zuhura hazikuwa na ndoano. Kufika juu, loka ni dogo begi haliingii, ashuke nalo mpaka chumba cha mizigo, euro 4 kwa siku. Kufuli la loka hana, anunue pale, euro 6. Kitanda kilichobaki ni cha juu, hakina pazia. Chumbani wanaume tisa, wanawake watano.

Hapa kanga ziliingia kazini. Alibeba doti mbili, moja ikawa taulo na mswala, nyingine alikuwa ameipanga iwe pazia, lakini pazia la kanga linafungika kitanda cha chini, unachomeka pindo kwenye godoro la juu linaning'inia. Juu utalifunga wapi, kwenye dari? Akalala na dera, soksi na hijabu, kajifunika gubigubi.

Saa kumi alfajiri wenzake wakarudi kutoka kwenye sherehe. Taa ikawashwa. Mmoja, kalewa, akapotea kitanda, akapanda ngazi ya Zuhura mpaka mkono wake ukamgusa mguu. Hakuwa na nia mbaya, Zuhura mwenyewe anasisitiza hilo, aliomba radhi akaanguka kitanda cha jirani na viatu. Lakini usingizi uliisha pale. Akashuka, akachukua kanga, akaswali kwenye korido karibu na bafu, akakaa hapohapo sakafuni mpaka kulipokucha, na jua la mwisho wa Aprili kule linatoka saa kumi na mbili na robo hivi. Ghorofa ya chini mapokezi kulikuwa na mtu macho usiku kucha. Hakwenda.

Saa mbili asubuhi akanitumia voisi noti ya pili, anaongea kwa kunong'ona. Nikamwambia shuka ukaseme sasa hivi. Akanijibu, "Kaka, nitaonekana mlalamishi, na jana nimewasumbua na mambo ya kadi." Tukabishana kama nusu saa. Mwisho akashuka.

Mazungumzo yalichukua dakika mbili. Dada wa mapokezi akamuuliza, mbona hukuja usiku? Chumba cha wanawake wanne ghorofa ya kwanza kina kitanda cha chini, mgeni wake alitakiwa kufika jana saa tatu usiku hajatokea. Hamia, hulipi kitu.

Kitanda kilikuwa wazi usiku mzima.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Kuna uamuzi wa kijinga na kuna uamuzi ulioonekana wa busara kwa taarifa zilizokuwepo, tusichanganye.

Kufuta Noord kulionekana busara. Kigezo kilikuwa namba mbili kwenye skrini, 68 na 61, na neno la rafiki. Hakuna aliyemwambia kwamba namba moja ina kodi ndani na nyingine haina. Wala kwamba kivuko cha kutoka nyuma ya Centraal kwenda Noord ni bure, unapanda tu, hakuna tiketi, na ng'ambo unafika kwa dakika tano hivi. Ile nauli aliyotishiwa haikuwepo. Siku ya Koningsdag tramu zenyewe hazikupita katikati ya mji, kila mtu alitembea kwa miguu.

Kumkatalia yule jamaa wa foleni, wengine ofisini walimcheka, eti alitangulia kuogopa. Mimi namtetea. Kumpa mtu usiyemjua euro 176 keshi juu ya kaunta kabla hujaona risiti, siku ambayo mji umejaa wageni na wezi wa mifukoni, na hiyo ndo hela yako yote ya kuishi mpaka Jumatatu? Angeweza kufanya kwa mpangilio, jamaa alipe kwanza, risiti itoke, ndo hela ihame mkono. Lakini alikuwa amechoka na amechanganyikiwa, na mtu akiwa hivyo hapana ndo jibu salama.

Kukaa saa nzima juu ya begi kabla ya kunipigia, na kukaa koridoni alfajiri: sababu ni ileile moja, nitairudia chini.

Mimi kuweka dole gumba, sababu ni uvivu. Nilikuwa na bajeti ya robo mwaka mezani.

Matokeo

Usiku wa Jumamosi na Jumapili alilala. Chumba cha wanne alikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Ureno na wasichana wawili dada kwa dada, saa nne taa zimezimwa bila mtu kuambiwa. Kanga ikapata pa kuning'inia.

Jumamosi mchana alitoka. Ile kanga yake ya pili ilikuwa na chungwa na nyeusi, aliichukua nyumbani bila kujua chochote kuhusu mfalme, akajitanda, na watu wakawa wanamsimamisha kupiga naye picha wakidhani kajipanga miezi. Maandishi ya ile kanga: usisafirie nyota ya mwenzio. Ninayo picha, kasimama kwenye daraja na maneno yanasomeka vizuri, na nikifikiria yule rafiki aliyempeleka hosteli ya watu 14 nacheka peke yangu.

Chakula alijipikia. Jiko la hosteli lina sheria yake, ukiweka kitu kwenye friji unaandika jina na tarehe ya kuondoka, kisichoandikwa kinahesabika ni cha wote. Mayai yake hakuandika, asubuhi yake trei tupu. Jumapili akagundua mgahawa wa watu wenye asili ya Surinam, nchi ya Amerika Kusini: roti, kuku wa mchuzi, maharage, halali, akala akasema karibu alie. Maji alikunywa ya bomba, yako safi, na chupa moja ya plastiki aliibakiza kwa ajili ya choo maana kule kopo hakuna, karatasi tu. Anayejua anajua.

Kwa hela: malazi 203.99, kufuli 6, chumba cha mizigo 12. Jumla 221.99. Amezidi ile ya Noord kwa euro 17.99, na usiku mmoja hakulala.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi. Linki ya malipo iliokoa siku, na iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu wa pili nyumbani mwenye kadi inayofanya kazi na hela ndani yake. Siku hizi nasema kila msafiri awe na mtu wa namna hiyo, amtaje kabisa kwa jina kabla ya kuondoka, na huyo mtu ajue kwamba wikiendi hiyo simu haizimwi. Maktaba ilifanya kazi pia. Na kanga, sitanii, kwa mwanamke anayelala chumba cha watu wengi doti mbili zina kazi kuliko nusu ya vitu alivyobeba kwenye zile kilo 23, ambazo nyingi zilikuwa makabrasha na zawadi. Begi la mgongoni la kilo kumi lingepanda ngazi lenyewe na lingeingia lokani.

Upande wa bei, hosteli za Ulaya zinauza kitanda, na kila kilichozunguka kitanda kinaweza kuwa na bei yake: taulo, kufuli, shuka kwenye baadhi ya sehemu, mizigo, kifungua kinywa, kodi ya jiji. Kodi hiyo kila mji una mtindo wake, kuna wanaochaji asilimia, kuna wanaochaji euro kadhaa kwa kichwa kwa usiku, kuna wanaoijumlisha kwenye bei na kuna wanaoisubiri mlangoni. Kwa hiyo kulinganisha 68 na 61 ni kulinganisha gunia na debe. Fika mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo, usome zile herufi za mchwa, ndo ulinganishe. Na kabla ya hapo fungua kalenda ya sikukuu za nchi unayokwenda. Ningefungua mimi mwezi Februari, ningejua kwamba ile buking ya euro 68 wikiendi ya Koningsdag ilikuwa dhahabu, na ningemwandikia Zuhura usiiguse. Kosa hilo ni langu, siyo lake.

Kitu kingine, ukibadilisha hosteli baada ya viza kutoka, tembea na karatasi ya buking mpya. Afisa wa mpakani anaweza kukuuliza unalala wapi, ukimwonyesha buking uliyoifuta umejitafutia maswali. Hili Zuhura alilifanya sawasawa.

Suala la kadi linaonekana la bahati mbaya lakini ukilitazama siyo bahati. Tarehe za barua ya mwaliko ziliingia kwenye fomu ya benki kwa sababu barua ndo karatasi pekee aliyokuwa nayo mkononi. Safari ilikuwa na tarehe za warsha na tarehe za tiketi, na sisi ofisini wote tulikuwa tunasema "safari ya tarehe 22 mpaka 25". Tumerekebisha: fomu yetu ya ndani sasa ina mstari mmoja tu wa tarehe, siku unayotoka nyumbani na siku unayorudi nyumbani, pamoja na siku mbili za ziada maana ndege nazo zinachelewa. Na kadi inajaribiwa siku mbili kabla ya kuihitaji. Angenunua hata maji Alhamisi jioni asingejua, ni kweli, maana Alhamisi ilikuwa bado inafanya kazi, ndo maana nasema tarehe ni muhimu kuliko jaribio.

Sasa kunyamaza. Hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Ukihesabu, Zuhura alipoteza karibu saa moja juu ya begi na zaidi ya saa mbili koridoni, na mara zote mbili msaada ulikuwa mita chache kutoka alipokaa, umekaa macho, unalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Linki ya malipo ilikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Hakuna aliyemficha. Lakini hakuna aliyemuuliza pia, na yeye alikuwa anasubiri kuulizwa.

Sisi tumelelewa mgeni haombi. Ukifika kwa watu mwenyeji ndo anakuuliza umelalaje, umekula, maji ya kuoga yamekutosha, na mgeni anayeanza kudai mwenyewe anaonekana hakufunzwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yani hata hilo jembe unasubiri upewe. Hosteli inakupa jembe siku ya kwanza mlangoni: wanakukabidhi shuka ukatandike mwenyewe, ufunguo, kwaheri. Pale hakuna mwenyeji. Kuna muuzaji na mnunuzi, na muuzaji anaamini kwamba mnunuzi akiwa na shida atasema, asiposema hana shida. Yule dada wa mapokezi hakuwa na roho mbaya hata kidogo, kwa mila yake yeye kumfuata mtu aliyekaa juu ya begi na kumuuliza una nini dada yangu ni kuingilia mambo ya watu. Wawili hawa kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake kwa namna yake, na matokeo yake mtu kakaa koridoni mpaka asubuhi.

Zuhura aliposoma hii sehemu akaniambia siyo adabu tu, kulikuwa na aibu pia. Kadi imekataa mbele ya foleni. Mwafrika, kajitanda, kadi imekataa mara tatu, na watu wanasubiri. Alihisi kila atakachosema baada ya pale kitaonekana ni kuomba. Nilikaa kimya, maana kwenye ramani yangu ya makosa hilo sikuliweka, na nadhani ni zito kuliko yote. Hakuna fomu ya ofisi inayotibu hilo. Nilichoweza kufanya ni kitu kidogo: msafiri sasa anaondoka na sentensi tatu za Kiingereza nilizomwandikia kwenye simu, za kuonyesha kaunta bila kufungua mdomo akitaka. Moja inaomba linki ya malipo. Moja inaomba kitanda cha chini au chumba cha wanawake kikipatikana. Moja inasema kuna mtu chumbani ananisumbua, naomba mje sasa.

Hosteli nayo isitoke bure. Kumwacha mwanamke aliye peke yake kwenye kitanda cha mwisho cha chumba chenye wanaume tisa, usiku wa sherehe kubwa kuliko zote za mwaka, huku kitanda cha wanawake kikiwa wazi tangu saa tatu usiku, ni uzembe, na hayo mambo ya mila hayaufuti. Aliwaandikia hivyohivyo kwenye maoni, kwa Kiswahili kwanza, halafu akatafsiri.

Deni langu alinilipa aliporudi, keshi, zile zile noti za tano na kumi, kamili mpaka senti. Nikazipeleka bureau. Jamaa akazitandaza, akaniambia noti ndogo rate yake ni ya chini, na hii ya tano imechanika, hatuichukui.